Mlango Mpya wa Mkunga wa Jibukwanza

Kaa nikupe hii. Ukitaka kucheka, cheka. Ukitaka kubisha, subiri nimalize, halafu ubishe na mtu mwingine.

Nchi yenyewe inaitwa Jibukwanza. Nilifikaje, hilo tuliache, barabara ni barabara. Nianzie mlangoni, kwa sababu kule kila kitu kinaanzia mlangoni, na vingi vinaishia hapo hapo.

Mlango wa kwanza kuufikia ulikuwa wa mama muuza supu. Njaa inaniuma, harufu ya kongoro imenivuta kutoka mtaa wa pili. Nikanyoosha mkono kwenye kitasa, jamaa mmoja aliyekaa kwenye kigoda pembeni akanishika kiwiko. Kule wanamwita mwulizaji, na kila mlango una wa kwake.

"Jina?"

"Nataka supu tu, kaka."

"Supu ipo. Jina?"

Nikampa. Akataka la ukoo, nikampa. Akataka namba ya simu, na simu ninayo mkononi siku zote, nikamsomea. Akauliza kazi yangu, cheo changu, na mwaka huu nategemea kunywa supu mara ngapi. Kisha akauliza habari za supu yao nimezisikia kwa nani.

"Kwa pua," nikamwambia.

"Hiyo haimo. Kuna jirani, kuna tangazo, kuna nyinginezo."

"Weka nyinginezo."

"Nyinginezo fafanua."

Kule swali la lazima linaulizwa huku mwulizaji kainua kitambaa chekundu. Nilingoja sana nione swali ambalo kitambaa kinabaki chini. Sikuliona. Mkono wa yule jamaa ulikuwa umekakamaa juu, nadhani hata akilala unabaki hivyo hivyo.

Tulipomaliza, akanimwagia mawe chini, niokote yale yanayofanana na mbuzi. Eti nithibitishe kuwa mimi ni mtu. Nikaokota. Akaligeuza moja juani, akaliangalia, akasema, "Hili kondoo." Tukarudia.

Halafu akaja mama mmoja mpole sana, akanishika kichwa kwa mikono miwili, akakiinamisha mara mbili kama mtu anayeitikia. Hiyo kule ndiyo ridhaa. Maana yake nimekubali kupigiwa simu na mtu yeyote, saa yoyote, mpaka kufa.

"Mama, mimi sijakubali."

"Usijichoshe, mwanangu," akasema. "Sisi tunakukubalia."

Mlango ukafunguka. Nikaingia kwa furaha zote, nikajikuta kwenye uwanja mtupu. Mbele yangu kibao: ASANTE, TUTAWASILIANA NAWE. Supu sikuiona. Nikageuka niondoke, wanaume wawili wakatokea mbio wamebeba mlango mwingine begani, wakausimamisha mbele yangu katikati ya uwanja.

"Kabla hujaondoka," wakasema. "Jina?"

Basi hiyo ndiyo Jibukwanza. Na watu wake, nisiwasingizie, ni wakarimu kwelikweli. Shida ni kwamba ukarimu wao uko ndani.

Nilipata pa kulala kwa fundi mmoja wa milango anaitwa Makame. Nyumba yake ndiyo pekee nchi nzima iliyokuwa haina mlango. Alikuwa ametundika kanga tu, kwa sababu kila siku anatengeneza ya wenzake. Mkewe, Tausi, alikuwa mjamzito wa kukaribia kujifungua. Mimba yenyewe ilikuwa inawapa mawazo, maana mtoto alikuwa amekaa matako chini, kichwa juu. Mkunga anayeweza kumtoa mtoto wa namna hiyo kule ni mmoja tu, Bi Mwanamize, na mlango wa Bi Mwanamize ulikuwa umeng'olewa.

"Umeng'olewa kwa nini?" nikauliza.

"Ulikuwa unafunguka," Tausi akasema.

Ikabidi Makame anieleze. Miaka yote Bi Mwanamize aliuacha mlango wake wazi, kauzuia na jiwe, wanawake wanaingia tu. Wakubwa wa Baraza la Milango walipokuja kukagua wakakuta kazalisha karibu nchi nzima lakini hajakamata hata jina moja. Ikawa aibu. Wakauondoa, wakaziba pale kwa mbao, yeye mwenyewe ndani, wakaagiza mlango mpya, wa kisasa, na fundi aliyepewa kazi ni Makame mwenyewe.

"Utakamilika lini?" nikauliza.

Tausi akacheka, mkono kiunoni. "Muulize mwenzangu. Tumbo langu lina tarehe, baraza lao halina."

Kesho yake Makame alinipeleka kwa Bwana Shekue, Mkuu wa Milango wa nchi nzima. Mtu nadhifu, kalamu sikioni. Aliposikia mimi ni mgeni alifurahi, akanipeleka mwenyewe kwenye Ghala la Majina. Ghala lile ni kubwa kuliko soko lao. Vibuyu kwa vibuyu vimepangwa mpaka darini, kila kibuyu kimejaa vikaratasi vya majina ya watu waliowahi kushika kitasa fulani.

"Mnayafanyia nini?" nikauliza.

"Tunayo," akasema.

"Ndiyo, lakini mnayafanyia nini?"

Akaniangalia kama nimemuuliza mtu anafuga kivuli kwa nini. "Kijana, mwaka jana yaliishia pale kwenye nguzo. Mwaka huu yamefika dirishani. Maendeleo huyaoni?"

"Huwa mnawapigia hawa watu?"

"Tukiwapigia watakuja."

"Si ndiyo mnachotaka?"

"Wakija watakuta mlango," akasema kwa upole, kama mwalimu. "Watajibu tena. Tutakuwa na mtu mmoja kwenye vibuyu viwili. Hilo kitaalamu ni kosa kubwa."

Nikaandika hiyo kwenye simu haraka haraka, kabla sijaanza kudhani nimeiota.

Mchana akatualika barazani mimi na Makame, wapitishe masharti ya mlango wa mkunga. Baraza la Milango lina watu wazito, wengi wao wamesomea bawaba. Masharti yakasomwa. Mlango ufunguke upesi, mtu asimalize hata kupiga chafya. Uwafae wembamba na wanene, ukae sawa mbele ya mfupi na mbele ya mrefu. Usipitishe kitu chochote kisicho mtu. Jina likishakamatwa lifike papo hapo kwenye ofisi zote, hata zile zisizosalimiana. Mtu akikosea jibu moja, majibu yake yote yafutwe aanze upya, ili azoee umakini. Na mlango usiwe na njia ya kuuzunguka.

Hayo yakapita bila ubishi. Ubishi ukaja kwenye kitasa.

"Chekundu," akasema mama mmoja wa kilemba. "Chekundu kinauita mkono."

"Chekundu kinatisha," akasema mzee wa miwani. "Mjamzito anataka utulivu. Kijani."

"Nani kakwambia mjamzito anataka utulivu? Anataka kufika."

"Basi tumuulize mjamzito."

Tausi alikuwa amesimama dirishani, kamletea mumewe chakula. "Mimi hapa," akasema.

Bwana Shekue akamwinamia kwa heshima. "Dada, maoni ya wananchi yanakusanywa mlangoni."

"Mlango gani?"

"Huu tunaoujadili."

Tausi akaweka bakuli dirishani. "Makame, kula kabla hakijapoa," akasema, akajiondokea taratibu, anatembea kama mtu aliyebeba ndoo asiyetaka maji yamwagike. Baraza likaendelea mpaka jua likachoka. Mwisho wakakubaliana viwekwe vitasa viwili, chekundu na kijani, halafu wahesabu watu wanakimbilia kipi. Wakapigiana makofi. Makame hakupiga. Alikuwa anaangalia dirisha.

Alifanya kazi usiku na mchana, mikono ikavimba. Mlango ukakamilika, na lazima niwe mkweli, ulikuwa mzuri. Mbao zimelainishwa mpaka unataka kuzilalia. Siku ya uzinduzi watu walijaa, pilau ikapikwa, Bwana Shekue akahutubia. Kisha wajumbe wote wakaujaribu mmoja mmoja. Wote walifaulu. Wote walikuwa na majina, wote walikuwa na namba, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na haja ya kuingia.

Uchungu ukamshika Tausi mchana huo huo, watu bado wana pilau mdomoni.

Tukamleta tumemshika, Makame bega la huku, mimi bega la huku. Mwulizaji wa mlango ule alikuwa dada mmoja mwenye uso mzuri, ndiyo siku yake ya kwanza kazini. Akasimama kabisa kutupokea.

"Karibuni sana. Jina?"

"Tausi Makungu," akasema Tausi.

"Namba ya simu?"

"Sifuri, saba, tano..." Hapo uchungu ukamkata, akaguna kwa sauti ndefu.

Yule dada akaandika mguno. Akautazama, akasikitika. "Hiyo si namba. Imefutika yote. Tuanze. Jina?"

Tukaanza. Mara hii Makame akamtajia namba yeye. Dada akasema mume hajibu kwa niaba ya mke, imefutika. Tukaanza tena. Tausi akawa anajibu katikati ya pumzi, harakaharaka, kama mtu anayevuka barabara. Jina, ukoo, namba, kazi, mtaa. Tukafika mbali. Nikaanza kuwa na matumaini.

"Mnaingia wangapi?"

"Mmoja," Tausi akasema.

Dada akaliangalia tumbo.

"Naingia mmoja," Tausi akasema, "natoka wawili."

"Mlango haupokei hesabu isiyolingana, dada yangu."

"Haya. Wawili."

"Jina la wa pili?"

Kitambaa kilikuwa juu.

"Hajazaliwa," Tausi akasema.

"Naelewa. Jina?"

Nikamnong'oneza Tausi, "Dada, mpe lolote. Sema Kitasa, sema Bawaba, tuingie."

Alinigeukia, jasho linamtiririka mpaka kidevuni. "Mdogo wangu," akasema, "huyu kakaa vibaya. Sijui kama nitamsikia analia. Jina lake simpi mtu mpaka nimsikie."

Nikamshika bega vizuri zaidi.

Bwana Shekue akaitwa. Akaja na wajumbe wake, wanajifuta mikono mafuta ya pilau. Wakasomewa tatizo. Mzee wa miwani akasema kama wa pili hana jina basi kisheria hajawa mgeni, ni mzigo.

"Mzigo unabaki nje," akasema mama wa kilemba.

"Unabaki nje vipi?" Makame akauliza.

"Mimi nasoma sharti tu, fundi."

"Na kama si mzigo," akasema mwingine, "inabidi kwanza aokote mawe. Mlango hauwezi kupitisha kitu ambacho hakijathibitishwa kuwa ni mtu."

"Ataokotaje?"

"Ndiyo maana nasema ni suala gumu."

Tausi alikuwa ameshapiga magoti, kashika kizingiti. Bwana Shekue akamvuta Makame pembeni. Alikuwa na huruma, hilo nililiona. "Fundi, wewe si ndiye uliyeutengeneza? Hakuna njia ya kuuzunguka?"

"Mlisema usiwe nayo," Makame akasema. "Nikautengeneza usiwe nayo." Akakaa chini, akaanza kulia kimya kimya, mtu mzima na patasi yake kiunoni.

Sauti ya Bi Mwanamize ikatoka ndani, nyuma ya mbao.

"Tausi. Chupa imeshapasuka?"

"Imepasuka, bibi."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu jina la kwanza."

"Shekue yuko hapo?"

"Shikamoo, bibi," akasema Bwana Shekue.

"Marahaba. Nilikuzalisha mimi, ukatoka umekunja uso kama mdai kodi. Mfungulie mwenzako."

"Bibi, mlango ni wa kisasa. Hata mimi haunitii."

"Aliyeuleta nani?"

"Mimi, bibi."

Nilisikia kitu kinaburuzwa ndani, beseni au kigoda. Kisha kitasa kikazunguka. Hakuna aliyekuwa amekishika. Kilizungushwa kutoka upande wa pili.

Mlango ukafunguka, Bi Mwanamize akatoka.

Nieleze vizuri, maana usipoielewa hii hujaijua Jibukwanza. Watu walirudi nyuma. Tangu nchi hiyo iwe nchi, wageni ndio wanaoingia na wenyeji ndio wanaongoja ndani. Mwenyeji kutoka kumfuata mgeni, hilo halikuwahi kumjia mtu kichwani, hata kwa ndoto. Maswali yote aliyopewa yule dada mwulizaji yalikuwa ya kuingia. Mlango ukajifunga nyuma ya bibi, taratibu, jinsi ulivyotengenezwa.

Bibi alikuwa mfupi, beseni kichwani, nguo nyeupe begani. Alipita katikati ya wajumbe kama mtu anayepita kwenye kuku.

"Kanga," akasema. "Zote."

Wanawake wakavua kanga zao za juu, wakasimama duara, wakazishika zikawa ukuta. Sisi wanaume tukageuzwa tukatazama upande wa soko. Simu yangu nikaizima mwenyewe, hakuna aliyeniambia.

Nilichokisikia ni sauti ya bibi tu, ya chini, haina haraka.

"Usisukume. Nimesema usisukume, mwanangu, huyu anataka kuja matako mbele kama mwenye deni. Ngoja nimfundishe adabu. Pumua. Sasa. Kiuno hicho. Ngoja. Mkono mmoja. Huu wa pili uko wapi, we mtoto, umeuficha wapi. Haya. Tausi, sasa nipe nguvu zako zote, hata zile ulizomwekea mumeo."

Tausi akatoa sauti ambayo siwezi kuiandika.

Halafu kimya.

Nilimwona Bwana Shekue ubavuni mwangu, kashika kalamu kwa mikono miwili, midomo inacheza. Makame alikuwa kasimama, haangalii popote. Nikasikia kofi dogo, kama mtu anakung'uta kitambaa. Jingine.

Mtoto akalia.

Alilia kwa hasira kabisa, kama aliyeamshwa kwa makosa. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka watu wa sokoni wakaitikia bila kujua wanaitikia nini. Makame akakaa chini kwa mara ya pili, safari hii anacheka.

Bwana Shekue alikuwa bado ametazama soko, kama alivyogeuzwa. "Bibi," akauliza, "kwa ajili ya kumbukumbu. Ameingia au ametoka?"

"Amekuja," Bi Mwanamize akasema.

Bwana Shekue akafikiri. Kisha akageukia wajumbe wake, akawaambia mlango umefaulu mtihani wake wa kwanza, kwani katika vurugu yote ile hakuna mtu hata mmoja aliyeingia bila kujibu. Wajumbe wakakubali. Kusema kweli, hakudanganya.

Sasa, mzazi hawezi kulala barabarani. Bibi akasema anakwenda kuandaa kitanda na kubandika uji. Akaufuata mlango wake, akashika kitasa, kile chekundu.

Yule dada alijitahidi kujizuia, nilimwona. Lakini kazi ni kazi. "Jina?" akasema kwa sauti ndogo.

"La nani?"

"Lako, bibi."

"Hii nyumba yangu."

"Ndiyo, bibi. Habari zake umezisikia kwa nani?"

Bi Mwanamize hakukasirika. Aliutazama ule mlango juu mpaka chini, akaupapasa ubao wake kwa kiganja, kama mtu anayechagua kitambaa cha nguo. "Makame," akaita.

"Naam, bibi."

"Kazi nzuri."

"Ahsante, bibi."

"Bawaba zake ngapi?"

"Tatu."

"Zitoe."

Wajumbe wakaanza kunong'ona. Bwana Shekue akafunua masharti, akayapitia kwa kidole. Kulikuwa na sharti la kufunguka, la kufunga, la kufuta, la kitasa. La kung'oa hakulikuta. Hawakuwahi kufikiri kuna mtu atataka. Akafunika makaratasi, akasogea pembeni. Mimi nasema alifanya makusudi, Makame anasema hapana, alikuwa amechoka tu. Tumebishana sana.

Makame akatoa bawaba. Tukaulaza mlango chini, tukautandika kanga, tukamlaza Tausi juu yake na mtoto kifuani. Tukahitaji watu wanne wa kubeba. Makame kona moja, mimi moja, Bwana Shekue akavua koti, akashika ya tatu. Ya nne akaishika yule dada mwulizaji. Tukanyanyua. Tukaingia ndani ya nyumba ya mkunga, pale pa wazi, hakuna aliyetuuliza kitu.

Chumba kilikuwa na kitanda kimoja na dirisha moja, upepo unapita. Tukasimama katikati, mzigo ni mzito, hatujui tuushushe vipi. Yule dada akainama sikioni mwa Tausi. Alikuwa bado na sauti ile ile ya kazini, nadhani hakuwa na nyingine.

"Dada," akauliza, "ungependa kichwa kiwe upande gani?"

Akamtazama usoni, akangoja jibu. Nilikuwa nimeshaulizwa maswali ya nchi nzima, na yeye ndiye mwulizaji wa kwanza kumwona akingoja hivyo.

"Upande wa dirisha," Tausi akasema.

Tukaugeuza mlango.